Utangulizi kwa Wanaoanza, Ulioanikwa Kwenye Kamba

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye soksi na wasio na soksi, kwamba Jumamosi ya pili ya Oktoba biashara ya kimataifa ya bangi iliyokolezwa iliingia katika shule yetu ya bweni, juu ya kilima kinachotazama ziwa, ikanaswa na mkono usiotikisika wa nidhamu.

Kilichonaswa kilikuwa chupa moja ya jamu, iliyokutwa katika kibanda cha kufulia nguo. Jamu yenyewe iliisha zamani.

"Maman Godelive, njo nini hii?" aliuliza Christophe, mkurugenzi wa nidhamu, akiishika chupa kwa ncha za vidole kana kwamba ingemng'ata. Ndani mlikuwa na kitu cheusi chenye wekundu, kizito, chenye kunata.

"Iko dawa ya mikono, Directeur."

"Mikono ya nani?"

Maman Godelive, mfua nguo wa shule, aliinyoosha mikono yake juu ya meza. Maji ya baridi na sabuni ya mche vilikuwa vimepasua ncha zote za vidole, na kila ufa ulikuwa umezibwa kwa weusi uleule wa chupani. Mkurugenzi aliitazama, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Andika," alimwambia karani.

Karani alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tano, aliyeitwa kuandika maelezo ya kikao kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Alipewa kalamu ya bluu ya ofisi. Aliandika: *Mtuhumiwa ameonyesha mikono.*

Juu ya meza palikuwa na kielelezo cha pili, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Ilikuwa karatasi iliyokunjamana, yenye wino wa zambarau uliovujavuja, ambayo mkurugenzi mwenyewe aliikuta asubuhi imebanwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi mbili. Aliisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma waraka wa askofu.

"*Utangulizi Mfupi wa Bangi Iliyokolezwa, kwa Wanaoanza.* Mpendwa anayeanza. Jani ni bia, lakini utomvu wa jani uliokusanywa na kukolezwa ni pombe kali, tena ya kunywewa kwa kijiko. Utautambua kwa rangi ya asali iliyoungua. Hunata kama nta. Harufu yake haifichiki. Hukaa katika chupa ndogo. Anayeanza hudhani kidogo ni kidogo, kisha moyo humwenda mbio, hutapika, na humwogopa hata mto wake wa kulalia." Akavua miwani, akaivaa tena. "*Kwa maelezo zaidi, mwone maman wa nguo, baada ya misa.*"

Mvua ilianza kugonga mabati.

Kweli, wiki mbili kabla, muuguzi mmoja, Maman Aimée, alikuja kuwaonya wanafunzi juu ya vitu hivyo, na mambo mengi ya karatasi ile yalitoka kinywani mwake. Mstari wa mwisho haukutoka kwake. Mtu fulani aliuongeza akicheka peke yake, kwa sababu katika shule nzima hapakuwa na mtu asiyeweza kudhaniwa jambo hilo kuliko yeye. Ndipo kichekesho kilipokuwa.

"Uliianika wewe?"

"Njo mimi, Directeur. Ililoana."

"Tangazo yako ililoana, ukaianika."

"Haiko yangu. Nilikuta yo mu mufuko ya pantalon. Siku zote nagusaka mifuko mbele ya kutia mu maji. Lakini sasa vidole haisikie tena muzuri. Karatasi ikapita."

"Na haukusoma?"

"Mi sisomake karatasi ya mifuko ya batoto. Kitu ya mufuko iko ya mwenye mufuko."

Hilo shule nzima ililijua. Kwa miaka kumi na tisa, kila alichokikuta mifukoni alikianika, akakitia katika kopo la maziwa, na Jumamosi jioni akakirudisha kikiwa kimefungwa ndani ya nguo ya mwenyewe: rozari, barua ya msichana, jino. Hakuuliza, hakutabasamu. Kila nguo ilikuwa na namba aliyoishona yeye kwa uzi mwekundu, na kwake sisi tulikuwa namba hizo. Alijua namba ipi inakojoa kitandani na namba ipi inalia kwenye mto. Hakuna aliyewahi kuyasikia.

"Basi unipe namba," alisema mkurugenzi.

Maman Godelive alikunja mikono yake.

Pikipiki ilizima uani. Aliingia polisi aliyeitwa kwa simu, Murhula, mtu mzima mwenye kofia iliyolowa. Hakuketi. Alichukua chupa, akachota kidogo kwa ukucha, akakisugua kati ya vidole mpaka kikapata joto, akanusa. Mama wa watu alikuwa akitazama pingu zilizoning'inia kiunoni mwa polisi, zikidondosha maji ya mvua sakafuni, tone moja moja.

"Nani alikupa hii, maman?"

"Kaka yangu wa Nyantende. Iko na mizinga. Iko ile gundi nyuki inazibia matundu. Ninaloanisha yo mu pombe, ninachanga na mafuta ya mawese."

Murhula alinusa tena. "Directeur, mi nilikamataka bangi Kamanyola miaka sita. Ile ilikuwa inanukia mpaka mu ndoto. Hii iko nyuki." Akapaka kile kilichobaki juu ya jeraha la kidole chake, akaangalia karatasi. "Lakini hii haikuandikwa na nyuki."

"Na inamutaja yeye," alisema mkurugenzi. "Wazazi bakisikia, nitasema nini? Maman, nisikilize. Kuko pantalon moja iko na wino mu mufuko. Iko wapi?"

Alikuwa ameikalia. Aliitoa chini yake, mbichi bado, akaiweka mezani. Mkurugenzi aliupindua mfuko: doa la zambarau, kubwa kama kiganja. Akageuza mkanda wa ndani kutafuta namba.

Hapakuwa na namba.

"Uzi iko wapi?"

"Ilioza, Directeur. Nitashona ingine."

Uzi wake haukuwahi kuoza. Kutoka alipoketi, dirisha likiwa nyuma ya kitambaa, karani aliona matundu ya sindano yakipitisha mwanga na kuchora namba, nne na saba, wazi kama nyota. Mkurugenzi alikuwa upande wa giza.

"Dix-neuf ans, maman, miaka kumi na tisa," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, jambo lililokuwa baya zaidi. "Unipe namba, ao unipe ufunguo ya kibanda. Na chef atakupeleka bureau ya polisi, ujieleze kule."

Mtu aliyefukuzwa kwa bangi hafunguliwi geti lingine Bukavu, si la shule, si la masista. Wote chumbani walilijua. Maman Godelive alifungua fundo la kitenge chake, taratibu, kwa sababu vidole havikusikia fundo liko wapi. Akatoa ufunguo. Akauweka kando ya chupa.

"Andika," alisema mkurugenzi. "Godelive amekabidhi ufunguo."

Hapa lazima nikiri kwamba kikao kilipata karani mbaya. Nimesema alikuwa na mwandiko mzuri. Sikusema kwamba alikuwa amekaa pale nusu saa akitumia mwandiko wa kuinama ambao si wake. Sikusema pia kwamba alikuwa amevaa pantaloni ya kuazima, fupi, iliyomwacha vifundo vya miguu wazi, na kwamba mfua nguo aliiona tangu alipoingia na hakuitazama mara ya pili.

Karani ni mimi.

Niliandika *Godelive*, nikaishia hapo. Kalamu ya bluu niliilaza mezani. Ndani ya soksi nilikuwa na nyingine, ya zambarau. Niliitoa, nikageuza ukurasa ili Directeur aone vizuri, na baada ya jina lake, kwa mwandiko wangu wa kusimama, uleule wa karatasi, nikaandika namba mbili: nne na saba.

Wino ulikuwa bado mbichi. Murhula aliinama kutazama, na Maman Godelive, bila kuuliza, akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake na kuanza kutafuta tundu lake kwa uzi mwekundu, akikosa, akijaribu tena.