Kengele ya Pili

Tulimzika Naftali Jumatano, na tangu siku hiyo naamka mapema bila sababu. Leo nimekaa na daftari. Nataka kuandika habari yake moja kabla haijachanganyika na nyingine.

Mimi ni kaka yake mkubwa. Nafundisha shule ya misheni, na kwa kuwa nina saa ya mkononi, niliyoinunua nilipomaliza sekondari, wazee wa kanisa walinipa kazi ya kupiga kengele. Kanisa letu liko mteremkoni, juu ya Makumira. Kengele ya kwanza hulia saa mbili kamili, ili wanaokaa juu karibu na msitu waanze kushuka. Ya pili hulia saa tatu kamili, na ibada huanza. Watu wengi hawana saa. Kengele ndiyo saa yao.

Kabla ya kuugua, Naftali alikuwa na mchezo wake wa Jumapili. Nikipiga ya kwanza, anatoka mbio uwanjani, anapanda kwa njia ya mfereji hadi banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, kisha anarudi. Ya pili ikilia, ameshaoga na kukaa na kwaya. Mwaka 1952 alishinda mbio za kutoka Ngaramtoni hadi mjini Arusha. Alipewa blanketi, akampa mama.

Mwaka uliofuata alianza kutema damu. Alilazwa Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, miezi kumi na minne. Walimtia hewa ubavuni ili pafu la kushoto lilale na kupona, na sindano alizochomwa aliacha kuzihesabu. Siku aliyorudi nilimpokea kwenye basi pale Usa River. Kipande cha mwisho cha njia nilimbeba mgongoni. Kijana yule aliyekuwa akinipita kila mahali alikuwa mwepesi kuliko gunia la kahawa mbichi.

Daktari alisema apumzike, kisha atembee, na mbio asubiri mpaka aruhusiwe. Alisubiri. Alianza kutembea shambani kwetu, katikati ya migomba na mibuni. Siku ya kwanza alipita mibuni kumi na mmoja, akakaa chini. Siku ya pili, kumi na mmoja. Siku ya tatu alifika wa kumi na mbili, akaugusa, akaniita kutoka mbali kana kwamba amefika Momela, ng'ambo ya mlima. Mama alimlisha loshoro, ya mahindi na maziwa ya mgando, na supu ya mbuzi hadi akaomba huruma. Vijana wa jirani walimtania njiani: "Naftali, kinyonga amekupita!"

"Huyo ni mwalimu wangu," alijibu. "Bado sijamwezea."

Katikati ya mwaka 1955 daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema sasa anaweza kujaribu mbio, pole pole. Mama hakutaka kusikia.

"Pafu moja na nusu, mwanangu. Unataka nikuzike?"

"Mama, nipe mpaka kahawa iishe kuchumwa. Nikifika banio na kurudi kabla ya kengele ya pili, uniache nikimbie. Nikishindwa, naacha kabisa. Nitashika shamba, hutanisikia tena."

Mama alinitazama mimi, si yeye. "Wewe ndiwe mwenye kengele. Umesikia?"

Nilisikia. Na kuanzia Jumapili iliyofuata nilianza kuona jambo ambalo sina neno zuri la kulisema. Asubuhi mlima ulikuwa mara nyingi umevua mawingu, mweusi na mkubwa mno juu yetu, na chini yake mtu mmoja mwenye shati jeupe akipanda. Alikimbia hatua mia, akatembea hamsini. Alipovuka sehemu za wazi nilimwona akisimama, mikono magotini, kisha akiinuka tena. Nilijua ndani ya kifua kile mna kovu. Nilijiuliza ni nini kinachomwinua, maana nyama hakuwa nayo. Jumapili ya kwanza alichelewa nusu saa nzima. Kisha dakika ishirini na tano. Kisha kumi na saba. Kisha kumi na mbili.

Mpaka mwezi wa kumi na moja alikuwa amebakiwa na dakika saba, na zikakataa kupungua. Jumapili tatu mfululizo, saba. Nyumbani alikaa akibandua ngozi ya malengelenge miguuni. Kahawa mitini ilikuwa imebaki kidogo sana.

Jumapili iliyofuata saa yangu ilisoma tatu kamili. Nilishika kamba. Nilimwona anatoka kwenye migomba ya chini ya mfereji, kichwa kimelala upande. Karibu watu wote walikuwa wameshaingia. Nikakaa na kamba mkononi bila kuivuta. Nilisubiri mpaka alipofika kwenye ua wa kanisa, ndipo nikaipiga, naye akagusa ukuta kengele ikiwa bado inalia.

Sijapata kuona uso kama ule. Alilala kwenye majani akicheka na kukohoa. Mama alitoka nje, akafunika mdomo kwa kanga, akasema, "Haya. Kimbia basi. Kimbia."

Furaha ile ilidumu mpaka mwisho wa ibada. Bibi Ndeshi, mjane anayekaa jirani na banio, alinijia pale nje tulipokuwa tunasalimiana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Leo kengele yako ilipitiwa na usingizi?"

"Kwa nini, bibi?"

"Mimi nikisikia ya kwanza, natoka. Ya pili hunikuta darajani, miaka yote. Leo imenikuta nimeshakaa kwenye benchi, nimeshavua viatu, miguu imeshapoa. Nikasema, ama mimi nimekuwa msichana, ama mwalimu amezeeka!"

Watu wakacheka. Naftali alikuwa nyuma yangu. Hakucheka.

"Dakika ngapi?" aliniuliza tulipobaki wawili.

"Naftali..."

"Ngapi, kaka?"

"Saba."

"Kule Kibong'oto," alisema taratibu, "wauguzi walikuwa wanawadanganya hivyo wale wanaokaribia kufa. Unaendelea vizuri, unaendelea vizuri. Wanaopona walikuwa wanaambiwa ukweli." Akaondoka. Jioni ile alimweleza mama mwenyewe, na ahadi ikarudi mahali pake. Kwangu hakusema neno wiki nzima.

Mama ni mzaliwa wa Machame. Kwao, mtu aliyekosea huchuma jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Jumamosi nilichuma isale kwenye mpaka wa shamba, nikalifunga, nikampa kwa mikono miwili, mimi mkubwa wake. Alilitazama.

"Nitalipokea," alisema, "lakini kesho, baada ya kengele. Uipige kwa saa."

Ilikuwa Jumapili ya mwisho. Ijumaa tulikuwa tumechuma kahawa ya mwisho. Nilipiga ya kwanza saa mbili kamili, naye akaondoka. Nililitia lile jani mfukoni mwa koti, macho nikayaweka kwenye saa. Ilipobaki dakika moja nilitazama mteremkoni. Alikuwa kwenye kona ya mwisho. Nilimwona vizuri, shati limeshikana na mbavu. Saa tatu kamili nilivuta kamba.

Nilidhani atasimama. Mtu aliyeshindwa husimama. Kengele ilikuwa inalia, ahadi imekatika, na yeye hakubadilisha hata hatua. Hakupunguza, hakuharakisha. Alikuja kwa mwendo ule ule, kana kwamba ile kengele ilikuwa inampigia mtu mwingine, na kadiri alivyokaribia nikasikia pumzi yake, ndefu, ya kukwaruza, ikiingia na kutoka, na nikavua kofia bila kujua ninamvulia nani.

Akagusa ukuta. "Ngapi?"

"Tatu. Umechelewa dakika tatu."

"Zilikuwa saba." Akanyoosha mkono. "Lete jani langu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Ndani walikuwa wameanza wimbo. Alimtazama kwa muda mrefu yule mwanawe aliyeshindwa, mvuke ukimtoka mabegani kwenye baridi ile ya mlimani.

"Zimetoka saba, zimebaki tatu?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Kwa saa."

Akamwekea kanga yake mabegani. "Jumapili ijayo," alimwambia, "usipande na shati zito hili." Akarudi ndani kuimba.

Dakika hizo tatu zilimchukua Jumapili sita zaidi. Alikimbia karibu miaka mitano, mpaka kifua kilipomrudia mwaka huu.

Jumatano mazishi yalipangwa saa nane. Ndugu wa Ngaramtoni walikuwa bado njiani, basi limeharibika, na mzee wa kanisa aliniomba nisubiri kidogo. Niliangalia saa. Mfukoni nilikuwa na lile jani, limekauka, fundo lake bado zima. Mama alilikuta kwenye Biblia ya Naftali.

Saa nane kamili nikavuta kamba.