Malengelenge ya Mzee Hezekia

Mlola nzima, kutoka kanisani mpaka gulioni, hapakuwa na kijana wa kumfikia Fanueli kwa jembe. Alilima tangu umande haujakauka mpaka alasiri bila kupumzika, akarudi nyumbani akipiga mluzi, viganja laini kama vya karani. Gulioni aliwaeleza wenzake kwamba nguvu ni kipaji, wasimwonee wivu.

Alhamisi moja, mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, mpini ulimkatikia, akarudi mapema kuchukua mwingine. Alimkuta baba yake, Mzee Hezekia, amelala kifudifudi kitandani, mikono inaning'inia ndani ya karai la maji ya chumvi. Viganja vyote viwili vilijaa malengelenge. Mzee hakuwa ameshika jembe tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe.

"Umelima wapi leo?" mama yake, Esta, akamuuliza.

"Kule kwenye mawe."

"Nimeona," akasema, akabadilisha maji.

Basi kumbe uchovu wa Fanueli ulikuwa unakwenda kwa mwenye shamba. Wala hakuwa peke yake. Bakari akilima, babu yake hawezi kushika kikombe cha kahawa. Juma akibeba samadi, mjomba wake anaamka shingo imepinda. Kabla wiki haijaisha jambo hilo lilikuwa limezoeleka, kama ukungu wa asubuhi.

Wazee wakaitisha mkutano. Mwenyekiti alifungua kwa kukumbusha kwamba unyonyaji uliondoka na mkoloni. Kisha wakakubaliana mambo mawili: vijana wapunguze kasi, kwa ajili ya afya za wazee, na kwa kuwa ardhi ni ya anayeiumia, na wanaoumia ni wazee, ardhi ibaki kwa wazee. Makofi yalipigwa kwa shida, kwa sababu ya viganja.

Fanueli alikuwa na miaka ishirini na saba. Rahabu alikuwa anamngoja mwaka wa tatu sasa, maana baba yake Rahabu alishasema hatoi binti akapande maharage hewani. Kijana kwanza awe na shamba. Na mashamba matatu ya bondeni, yenye maji masika na kiangazi, yote yalikuwa ya Mzee Hezekia, ambaye tangu mwanawe amalize shule alikuwa akimwambia kwamba siku yake itafika.

Siku iliyofuata ule mkutano Fanueli hakugoma. Alichukua sururu, akapanda kwenye shamba la juu la baba yake, penye mwamba, akalima. Alilima kwa utiifu kabisa, huku akiimba. Kila sururu ilipotua, sauti ya baba yake ilisikika kutoka nyumbani, wakawa wanapokezana kama kwaya. Siku ya tatu akaitwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kesho unalima wapi?"

"Palepale, baba. Polepole, kama mlivyosema mkutanoni."

Mzee alijaribu kumega tonge la bada, ugali wa muhogo. Vidole vikakataa.

"Babu alikupa shamba ukiwa na miaka mingapi?" Fanueli akauliza.

"Kumi na minane. Wakati huo ardhi ilikuwa nyingi."

"Ardhi ni ileile, baba. Waliokaa juu yake ndio hawasogei."

Esta akacheka, akajifanya anakohoa. Mzee Hezekia akaitazama mikono yake.

"Chukua la kando ya mto," akasema. "Na hiyo sururu iache hapa, niifiche mwenyewe."

Masale yakapandwa mpakani mbele ya mashahidi. Alfajiri Fanueli aliingia shambani kwake, na jioni mkono wa kuume ulikuwa na malengelenge manne, wa kushoto matatu. Hakuna diwani aliyewahi kuringia cheo kama Fanueli alivyoyaringia yale malengelenge. Siku ya gulio aliyaonyesha hata kwa wasiouliza. Vijana wakambeba juujuu kutoka kwenye ndizi mpaka kwenye viazi. Baba yake Rahabu aliyakagua moja moja, akayabonyeza, akataja tarehe ya harusi. Harusini Mzee Hezekia alikuja amenyooka mgongo, na alicheza. Mwaka uliofuata akazaliwa binti, Yunis.

Wazee wengine walinunua magodoro ya sufi. Uamuzi wa mkutano uko palepale, mashamba yako palepale, na Bakari bado anamlimia babu yake akipiga mluzi.

Lakini Fanueli alipata lake, na siku ile ya kwanza alilima shamba zima peke yake, kuanzia mtoni mpaka kwenye masale, bila kuketi. Hivyo ndivyo wageni wanavyosimuliwa uani, na ndivyo walivyokuwa wakisimuliwa juzi, mpaka Rahabu, aliyekuwa pembeni akimenya njegere, akamkatiza msimulizi.

"Baba Yunis, waambie watu kweli. Nilikuletea uji nikakukuta umelala kwenye tuta la tatu. Yaliyobaki nililima mimi mpaka jioni, na wala mgongo haukuniuma."

Msimulizi akaitia mikono yake mifukoni.