Kapteni wa Ikram

Daktari alimwita Abdurahmani pembeni ya mlango, lakini binti yake Ikram alisikia kila neno. Uvimbe ulikuwa kichwani, nyuma ya macho. Upasuaji ungefanyika Mwanza Jumanne. Uhai wake ungeweza kuokolewa. Kuhusu macho, daktari hakutaka kuahidi chochote.

Walipofika nyumbani Mugumu, Ikram alifungua begi lake akatoa kopo la biskuti. Ndani kulikuwa na kisanamu cha plastiki chenye urefu wa kidole gumba: askari wa kale, upanga mkononi.

Ikram alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alipokuwa anakaa Kisumu kwa mama yake mdogo, binamu zake walimfundisha mchezo wa vita unaochezwa mezani, majeshi ya visanamu vinavyopakwa rangi kwa mkono, na kete zikiamua nani afe. Askari wa jeshi lake wote alishawapaka mwenyewe. Kapteni huyu tu ndiye aliyebaki wa kijivu, kama alivyotoka kiwandani.

"Baba, nataka nimwone amekamilika," alisema. "Mikono yangu haifuati tena macho. Mpake wewe."

Abdurahmani alikuwa fundi wa mabango. Majina ya maduka mengi sokoni yalikuwa kazi ya mkono wake, herufi zenye urefu wa mtoto. Kitu kidogo namna hii hakuwahi kukigusa. Akasema, "Leta."

Siku hizo Ikram aliona kwa jicho la kulia tu, tena jua likiwa kali. Kwa hiyo Ijumaa saa sita mchana walikaa uani.

"Deraya yake, hili vazi la chuma, ni nyeusi," Ikram alieleza. "Lakini ni ya zamani. Imenyeshewa, imepigwa mapanga, amelala nayo porini miaka."

Abdurahmani alipaka rangi yake ya mabango. Ikatoka nzito, ikang'aa kama kiatu cha shule. Ikram alimsogeza kapteni karibu na jicho, akamgeuza.

"Huyu ametoka dukani leo," alisema, akafunika uso kwa mikono. Tangu aliposikia maneno ya daktari, hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Abdurahmani alikimbilia ndani, akalowesha kitambaa kwa tina anayosafishia brashi, akaanza kufuta. Rangi ilitoka. Na plastiki ikalainika. Upanga ukapinda kama mshumaa juani.

"Nimemharibu," alimwambia mkewe, Sophia.

"Usimwambie."

"Ataona."

"Ataona kwa macho gani, Abdurahmani?"

Sophia alishika mdomo wake. Kisha Abdurahmani akarudi uani, akamwambia binti yake ukweli.

Ikram aliupapasa upanga. "Mwache hivyo hivyo. Anza tena."

Jumamosi Abdurahmani alizunguka mji akitafuta vyuma vyeusi. Maisha yake yote alikuwa amepaka vitu vionekane vipya. Uzee wa rangi hakuwahi kuutazama. Kwa Ryoba, jirani yake, alichuchumaa mbele ya pikipiki kuukuu mpaka Ryoba akamuuliza kama anataka kuinunua. Tangi lilikuwa jeusi, lakini juu jua lilikuwa limelipausha. Magoti yanaposugua, rangi ilikuwa imekwisha na chuma kinaonekana. Chini ya skrubu, maji yanapotuama, kulikuwa na kutu.

Jumapili alitumia vichupa vya Ikram vya rangi ya maji. Alianza na nyeusi nyepesi yenye tone la kahawia. Ilipokauka, akapitisha brashi karibu kavu yenye kijivu kidogo, ishike palipoinuka tu. Kisha akachana kipande cha sponji ya godoro, akakichovya kwenye kahawia, akakifuta mpaka kikabaki na rangi kidogo sana, akagusisha kwenye kingo za deraya. Ndani ya kila doa akaweka nukta ya rangi ya fedha. Aliogopa wingu kuziba jua kuliko alivyoogopa kukosea.

Saa saba na nusu alimpa Ikram kapteni.

"Hiki begani ni nini?" Ikram aliuliza.

"Kutu."

"Na hapa kiunoni?"

"Mkanda wa upanga ulikuwa unasugua."

"Sikukuambia hilo."

"Nimeliona kwenye pikipiki ya Ryoba."

Ikram alicheka kidogo. "Huyu amepigana, baba." Akamsogeza kapteni karibu zaidi na jicho. "Upande wa kushoto umeingia giza. Nigeuzie."

Abdurahmani alimgeuza kapteni polepole, tena na tena, mpaka jua likapita nyuma ya paa.

Jumanne upasuaji ulichukua saa sita. Ikram alitoka hai. Macho hayakurudi.

Siku ya nne baba yake alikaa kando ya kitanda, akimwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake anakuja.

"Usininong'oneze, baba," Ikram alisema. "Nimepofuka, sijafa."

"Sawa, mwanangu," Abdurahmani alijibu, kwa sauti iliyosikika wodi nzima. Akatoka nje barazani, akalia akiwa ameegemea ukuta, watu wakimpita. Alipomaliza alinawa uso bombani, akarudi, akakaa pale pale, akamuuliza kwa sauti kubwa kama anataka chai.