Maji ya Kikokotoo Namba 417

Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Verlin Pruett alikaa katika chumba cha tangi la maji moto, chini ya ngazi za shule ya sekondari ya Tarrow, akabadilisha betri za kikokotoo cha marehemu mkewe. Zilikuwa nne, nyembamba kama kidole cha mtoto. Alitoa moja, akaweka moja. Akatoa ya pili, akaweka ya pili. Ukizitoa zote kwa mpigo ukazubaa, kila kilichoandikwa humo kinafutika, na Verlin hakuwa mtu wa kuzubaa. Alipomaliza alimwaga maji ya kwenye kisahani, akakifuta, akakirudisha chini ya kikokotoo. Kikokotoo hicho kilivuja maji nusu kikombe kwa siku, na zaidi kikichezewa.

Mkewe, Oneida, alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo ambayo Verlin aliipiga deki. Kikokotoo alikiokota kwenye sinia chafu, kile kikubwa chenye kioo cha kuchorea grafu, na karatasi ya namba 417 mgongoni. Hakuna aliyekuja kukidai. Karibu na dirisha la jiko palikuwa na meza ya wanafunzi watatu wanne ambao chakula kwao kilikuwa usumbufu. Walikaa wameinamia vikokotoo vyao wakitunga michezo: nyoka anayekula tufaha, gari linalokwepa mawe. Oneida aliwauliza swali moja kila siku kuhusu namna ya kutunga, wakati anasubiri mikate iumuke. Baada ya mwaka mmoja na ushei akawa na mchezo wake. Aliuita KISIMA.

Ulikuwa hivi: chini kuna ndoo, juu yanadondoka matone. Matone meupe unayakinga, meusi unayakwepa. Kadiri unavyoendelea, meusi yanazidi, mpaka yanakuwa meusi matupu na ndoo haina pa kukimbilia. Hapo mchezo unaisha. Binti mmoja wa ile meza, Corinne Hatch, alimwambia Oneida kwamba amesahau kuweka sehemu ya kushinda.

“Sijasahau, mwanangu,” Oneida alimjibu. “Nimeandika nilichokiona.”

Alikufa Februari, kwa figo. Kesho yake baada ya mazishi kikokotoo kikaanza kuvuja. Verlin aliyaonja yale maji, akayajua mara moja. Yalikuwa ya kisima chao wenyewe, yenye ladha ya msumari uliokaa mdomoni. Walikunywa maji hayo miaka kumi na tisa, kwenye nyumba iliyo mteremkoni chini ya kiwanda cha kupaka vyuma rangi ya fedha. Aliwaandikia wakubwa wa kaunti mara tatu, na mara tatu wakamjibu kwamba maji yamepimwa na yako ndani ya kiwango. Verlin aliishia darasa la nane, lakini sentensi hiyo aliweza kuisoma. Watu wa viti vya kuzunguka hujifunza kuiandika kabla hawajajifunza kufunga tai.

Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu hapo. Jumatatu hiyo, alipopanda na ndoo yake, alikuta tangazo limebandikwa kila mlango. Mkurugenzi wa elimu wa wilaya, Garland Tewes, alikuwa ameamuru kwamba Alhamisi, kabla ya mtihani, kila kikokotoo kilichomo shuleni, cha shule au cha mtu, kifutwe kumbukumbu mlangoni mwa ukumbi. Vyenye namba ya shule virudishwe vyote, na kwenye orodha 417 ilikuwemo. Kuna mtu aliyekaa akaikumbuka namba hiyo, na hakuna aliyekaa akakikumbuka kisima.

Verlin alimwendea mwalimu wa hesabu, akamwambia kwamba mkewe yumo mle. Mwalimu alisema anaelewa, ila amri imetoka juu. Verlin akamwambia kwamba huko juu ndiko kiwanda kiliko pia.

Mchana Corinne alishuka mpaka kwenye chumba cha tangi. Alikuwa mwaka wa mwisho sasa, na waya mfupi mweusi ukining’inia mfukoni, ule wanaoutumia kuunganisha kikokotoo na kikokotoo.

“Bwana Pruett, niachie niuhamishe mchezo wake kwenye changu.”

“Hakuna wa kuugusa. Huu ni wake.”

“Miaka mitatu unaulalia kama kuku na hujatotoa hata kifaranga.” Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. “Alhamisi Tewes ataufuta kwa kidole kimoja, halafu ataenda kula. Ukibaki kwako peke yako, umempunguzia kazi.”

Verlin alitazama tone likijikusanya ukingoni mwa kitufe. Mwishowe alisema, “Na alama zake je? Yeye ndiye anaongoza. Mia tatu na arobaini.”

“Alama zinakuja nao. Jina lake pia.”

“Chako nacho kitavuja.”

“Najua. Nitaweka daftari la Kifaransa chini yake, maana hilo hata likilowa sipotezi kitu.”

Kuhamisha kulichukua muda wa kumenya yai. Kutoka kwa Corinne mchezo ulikwenda kwa wa pembeni yake, ukaenda darasa la kemia, ukaenda kwa wapiga tarumbeta. Jumatano ilipofika vikokotoo mia moja na tisa vilikuwa vikivuja. Wanafunzi waliweka vikombe vya kantini juu ya madawati. Walimu waliwasihi wasimwage. Mama mmoja alipiga simu kuuliza iwapo mwanawe aje na taulo, akaambiwa dogo litatosha.

Alhamisi Tewes alikuja mwenyewe akasimama mlangoni mwa ukumbi. Sasa, wanafunzi wa aina ya Corinne wana mila yao ya tangu zamani: programu ndogo ambayo kazi yake ni moja tu, kuandika kwenye kioo kwamba kumbukumbu imefutwa, kwa herufi zilezile na mahali palepale, wakati hakuna kilichofutwa. Walipita mmoja mmoja, wakainua vikokotoo vyao juu. Tewes alisoma kila kioo, akatikisa kichwa kukubali. Maji yalimdondokea mikononi, kisha kwenye viatu. Alimwita Verlin apige deki. Verlin akapiga deki kukizunguka kila kiatu, taratibu, kama mtu anayekwepa miguu ya meza.

Kisha akatoa 417 mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Tewes.

“Hiki ni cha shule,” alisema. “Futa.”

Tewes alibonyeza. Hapo kufuta kulikuwa kwa kweli. Kikokotoo kikakauka kama kipande cha mkate wa kuchoma, na kule chini Verlin akakiosha kisahani. Hakulia. Juu ya dari alisikia ukumbi mzima ukidondoka, tii, tii, tii.

Bodi ya shule ilikutana Jumanne ya pili ya mwezi. Wajumbe saba walijadili unyevu wa ukumbi, wakapitisha paa jipya. Kuhusu maji yenyewe, Tewes alisoma barua ya kaunti: sampuli iliyochukuliwa kwenye vikokotoo imepimwa na iko ndani ya kiwango. Mjumbe mmoja aliuliza kama kiwango ni kilekile cha visima. Akaambiwa ndicho hichohicho. Alishukuru.

Ilipofika zamu ya wananchi, ambapo kila mmoja hupewa dakika tatu, Verlin alisimama na chupa ya achari iliyojaa maji yaleyale. Alimimina katika bilauri saba, moja mbele ya kila mjumbe.

“Mmesema yako ndani ya kiwango,” alisema. “Mke wangu aliwaamini miaka kumi na tisa. Kunyweni.”

Zilikuwa zimebaki dakika mbili na nusu, akazisubiri amesimama. Mjumbe mmoja alisogeza bilauri yake mbali na karatasi. Mwingine alitazama saa. Kengele ndogo ikalia, mwenyekiti akamshukuru, wakahamia kwenye suala la maegesho. Kumbukumbu za mkutano ule zinasema paa liliidhinishwa, na kwamba mwananchi mmoja alileta vinywaji.

Kiwanda bado kipo juu ya mteremko, na moshi wake. Corinne alimletea Verlin kikokotoo alichokipata kwenye mauzo ya vitu vya zamani nje ya nyumba ya mtu, mchezo ukiwa umeshawekwa. Verlin huucheza jikoni baada ya chakula, kisahani kikiwa chini, na chini ya kisahani barua nne za kaunti, zake tatu na nakala ya ile ya bodi, ili meza isiharibike. Mpaka sasa hajavuka mia mbili na kumi. Oneida bado anaongoza, mia tatu na arobaini. Matone yakishakuwa meusi yote na ndoo ikakosa pa kukimbilia, Verlin huanza upya.

Jumanne ya pili inakaribia. Amekwisha kujaza chupa nane, kaziba vifuniko, kazipanga kwenye kreti karibu na mlango. Wajumbe ni saba. Ya nane ni ya yule anayeandika kumbukumbu.