Bangili Isiyoingia Sandukuni

Awino alilichukia neno "chipukizi" tangu siku ile alipoitwa hivyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, goti moja bovu, binti aliyekwisha kuolewa Kisumu, na mikono iliyoungua mara nyingi kuliko chapati za jirani yake. Halafu Janet, msichana wa shirika fulani, kitambulisho kikining'inia shingoni, akafunga safari hadi karakana ya Awino, mtaa wa Sherikat mjini Juba, kumpasha habari njema: ameteuliwa kushindania Tuzo ya Masonara Chipukizi.

"Chipukizi ni yeyote ambaye bado hajatambuliwa, madam," Janet alimweleza kwa upole wa watu waliohudhuria semina nyingi.

"Nani hajanitambua? Hata mbwa wa pale darajani wananijua."

"Kutambuliwa rasmi."

Angeweza kumfukuza. Lakini lile neno "rasmi" lilimkuna mahali palipokuwa panamwasha. Miaka yote aliyokaa Juba, bangili zake zilinunuliwa na wachuuzi, zikaishia kwenye maduka ya mahotelini chini ya kibao kimoja: Kazi ya Akina Mama wa Juba. Siku moja aliingia duka mojawapo, akaonyesha bangili aliyoifua mwenyewe, akauliza ni kazi ya nani. "Ni vikundi," muuzaji akamjibu bila kuinua macho kwenye simu. Vikundi! Tangu hapo Awino alitaka kitu kimoja tu duniani: jina lake litajwe kwa sauti, mbele ya watu, kazi yake ikiwa pale pale.

Basi akakubali kuchipuka.

Shaba aliipata kwa Opio, Mganda wa kibanda cha pili, fundi wa jenereta. Amani ilikuwa imesainiwa mwaka wa nne sasa, mji mzima ulikuwa unapumua kwa jenereta, na jenereta za Juba zilikuwa zinakufa kama kuku wa kideri. Nyaya zilizoungua Opio alimtupia Awino, na Awino akaziyeyusha, akazimimina, akazifua mpaka zikawa ukanda mmoja mnene wenye rangi ya machungwa yaliyoiva.

Sasa, Awino alikuwa na namna yake. Hakumalizia bangili kwenye kigogo cha mti kama wenzake. Kigogo, alisema, hakina kifundo, hakitoi jasho, wala hakilalamiki. Aliipasha shaba moto mpaka ikawa nyekundu kama kaa, akaizamisha majini, nayo ikatoka laini kiasi cha kupindwa kwa vidole. Hapo aliizungusha kwenye mkono wa mwenye kuivaa, akapishanisha zile ncha mbili zilizochongwa kama vidole, kisha akazigonga kwa nyundo ya mti, kipande cha ngozi ya mbuzi kikiwa chini kulinda mwili. Kila pigo huikaza shaba. Mapigo yakiisha, ncha zimeumana, bangili imekuwa ngumu, na dawa ya kuilainisha tena ni moja tu: moto. Na mkono wa mtu hauwekwi motoni. Aliyekaa mbele ya Awino alikuwa amekubali kuoga nayo, kulala nayo na kuzeeka nayo.

Ile ya mashindano, lakini, ilikuwa ifungwe kwenye kigogo. Aliliamua hilo mapema, kwa kinyongo, kwa sababu Janet alisema kila kazi itawekwa ndani ya sanduku la kioo. Asubuhi ya maonyesho alimwita Nyandeng amwazime mkono, akaizungusha shaba ikiwa bado laini, kwa kupima tu. Nyandeng aliuza chai mbele ya karakana. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akarudi nyumbani na Kiswahili cha Kenya na ulimi usiolala.

Hapo Opio akaja kuegemea mlango.

"Mama Awino, sasa wewe iko chipukizi. Mimi nataka kujua, ukichipuka kabisa utafika wapi? Kwa mabati?"

"Opio, niache nifanye kazi."

"Siwezi acha. Mimea nasemeshwa ndiyo inakua."

Nyandeng akacheka mpaka mkono ukatikisika.

"Tulia, wewe! Na wewe Opio, nikwambie kitu." Awino akashika nyundo. "Mimi," tok, "nilikuwa," tok, "nafua shaba," tok tok, "wewe ukinyonya!" Tok.

Nyandeng akaugeuza mkono huku na huku.

"Imekaa poa sana," akasema. "Haya, itoe."

Awino akaitazama nyundo kama vile ilikuwa ya mtu mwingine. Ncha zilikuwa zimeumana. Zimeumana vizuri kuliko alivyowahi kuziumanisha, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wakapaka sabuni. Wakapaka mafuta ya kupikia. Opio akashauri Nyandeng afunge wiki moja akonde, akatupiwa koleo, akaliruka.

"Khalas, basi," Nyandeng akasema, akijifuta mafuta. "Si mnipeleke na mimi? Chai nitauza hukohuko."

Wakapanda pikapu ya Opio: bangili, mwenye mkono, birika, na sonara chipukizi akiwa amenuna katikati.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa mtaa wa Buluk, na Janet alikuwa mlangoni.

"Madam Awino, bangili iko wapi?"

"Hii hapa."

"Naona. Naomba uitoe."

"Haitoki. Imefungwa."

Janet akafumba macho kidogo, akayafumbua, akakuta hali haijabadilika. "Kanuni ni kazi iwe ndani ya sanduku."

"Basi leta sanduku kubwa," Nyandeng akasema. "Nitakaa. Kuna feni huko ndani?"

"Janet, mwanangu," Awino akajaribu, "bangili imefuliwa ivaliwe. Mkono ndio unaoonyesha kwamba imekaa sawasawa. Mweke huyu kwenye kiti, watu wamwone, yaishe."

"Waamuzi wanaangalia kazi, si mtu. Kama haimo sandukuni wakifika, jina lako halisomwi. Pole, lakini sitaweza kusaidia."

Jina halisomwi. Awino alisimama pale, ghadhabu ikimpanda na kumshuka. Akageuka na kuiendea pikapu, akafungua sanduku la zana la Opio, akarudi na msumeno wa chuma.

Nyandeng akanyoosha mkono mezani. "Kata, sista. Ila ujue nishaizoea."

"Umeivaa tangu asubuhi tu!"

"Si ndiyo nasema."

Awino akasukuma ngozi chini ya shaba, akaanza. Msumeno ulilia vibaya, unga mwekundu ukamwagika mezani. Mkato ulinyooka, mkono wake haukujua kupinda, lakini lilikuwa kovu tu, pengo la kijinga lenye kingo za kukwaruza, mkabala na kile kifungo alichokuwa akijivunia. Akaipanua kwa nguvu, ikatoka. Tupa ya kulainishia kingo ilikuwa imebaki Sherikat. Janet akaidaka bangili, akaiweka ndani ya sanduku la kioo, akageuza lile pengo upande wa mbele. Basi tu.

Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Arthur kutoka Kampala, mwenye skafu shingoni katika joto lile. Alipita kwenye masanduku akiguna kama mtu anayeonja mchuzi. Mbele ya bangili hakuguna. Akainama, akanyooka, akainama tena, na muda si muda alikuwa kwenye kipaza sauti.

"Mshindi ni Awino!"

Ukumbi ukapiga makofi. Opio akapiga mbinja. Awino alikuwa amesimama nyuma, karibu na birika. Limetajwa. Jina lake, kwa sauti, kazi yake ikiwa pale pale. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Juba.

"Tazameni huu mkato," Bwana Arthur akaendelea. "Ukatili wake! Msanii anafua kifungo kizuri, naam, vifungo vizuri viko vingi. Kisha anathubutu kuipasua kazi yake. Hii ni nchi yenyewe! Hili ni jeraha linalokataa kufunikwa!"

Furaha ikamtoka Awino kama hewa kwenye mpira. Akasogea mbele, watu wakimpisha, akapewa kipaza sauti.

"Huo ni msumeno," akasema. "Wa huyu Opio, wa jenereta. Nimekata kwa sababu haikuingia sandukuni. Kazi ni huku nyuma. Geuzeni muone."

Makofi yakazidi.

"Na unyenyekevu juu!" Bwana Arthur akasema, akijishika kifua.

Hakuna aliyegeuza kitu. Mama mmoja wa benki akamshika Awino kiwiko, akamnong'oneza kwamba anataka mbili kama hiyo, na mkato usisahaulike, tena ukiweza uwe mkubwa kidogo.

"Mkato utaukata mwenyewe, mama," Awino akamwambia. "Msumeno nitakuelekeza unakouzwa."

Akaliendea sanduku, akainua kioo, akaitoa bangili.

Janet akaja mbio. "Madam! Hiyo inaenda maonyesho ya Nairobi! Ukiichukua, tuzo inabatilika!"

"Batilisheni."

"Lakini jina lako..."

"Jina mmeshalitaja. Watu wote hawa wamelisikia. Utawarudia mmoja mmoja uwaambie wasahau?" Akaifunga bangili kwenye pindo la kanga. "Kitu hiki hakitatembea na jina langu kikiwa hivi. Nitakiunga. Kikiisha, mkitaka kukipeleka Nairobi, mtakuwa mnampeleka na mwenye mkono."

"Na chai yangu nani atauza?" Nyandeng akauliza.

"Mimi," akasema Opio.

"Wewe? Utawaua watu!"

Walikuwa bado wanabishana walipofika karakana. Awino hakuwasikiliza. Alikuwa amekwisha kuwasha makaa ya kuliunga pengo na kukilainisha kifungo kifungwe upya, akavuta kigoda kingine karibu na moto, akamwashiria Nyandeng kwa kidole aje akae.