Nafasi ya Kumi

Fundi Saa alikuwa na subira mahali pamoja tu duniani, napo ni kwenye meza yake ya kazi. Pale angekaa saa tatu akitafuta skrubu ndogo kama chembe ya sukari, kioo kimebanwa jichoni, wala asikunje uso. Lakini mpe karata mbili mkononi, Mungu wangu! Azitupe mara tano mfululizo bila kucheza, na magoti yanaanza kutikisika chini ya meza. Mara ya sita ataingia na takataka yoyote, na hapo ndipo wanapomla.

Ndiyo sababu klabu ya karata ilikuwa imemzoea kama mtu wa kutoka karibu na zawadi. Kila mwaka wachezaji tisa wa mwisho ndio wanaopewa zawadi, kisha wanapigwa picha na picha inatundikwa ukutani. Ukuta wenyewe ni ule wa njia ya kwenda chooni, tusidanganyane, lakini hakuna mwanachama asiyepita pale. Fundi Saa alikuwa amepita miaka kumi na moja akizitazama sura za wenzake. Mara nne alitoka akiwa wa kumi. Mwaka huu alikuwa amemwambia mkewe kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, macho yamechoka, na akiikosa picha safari hii hatarudi tena.

Mkewe, Mwalimu, alifundisha hesabu miaka thelathini, na alijiunga na klabu ili kumsindikiza tu mumewe. Kumbe msindikizaji ndiye fundi. Wiki nzima kabla ya mashindano alimpangia mumewe vifungo vya shati juu ya meza ya chakula, badala ya vipande vya kuchezea, akamweleza kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la tatu. Ukikaribia zawadi, kila mtu anaogopa kutoka wa kumi. Kwa hiyo mwenye vingi asukume, kwa kuwa wengine watakimbia. Na mwenye kidogo, ikiwa yupo mwenye kidogo zaidi yake, kazi yake ni moja: akae kimya, amwache yule afe kwanza. Fundi Saa alitikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila ushauri. Sikio la kufa halisikii dawa, na Mwalimu alilijua sikio lile tangu ujana wao.

Jumamosi alasiri, wakabaki kumi kwenye meza moja. Mwamuzi wa klabu aliwaita mume na mke pembeni akawaonya: hapa kila mtu anacheza peke yake, hakuna kusemezana kuhusu karata, hakuna kuhurumiana. Mwalimu karibu amkasirikie. Yeye huyo aliyewahi kumfelisha mwanawe wa kumzaa kwa alama moja, leo aambiwe habari za upendeleo?

Mbele ya Mwalimu vipande vya kuchezea vilirundikana kuliko vya mtu yeyote. Fundi Saa, aliyeketi kushoto kwake, alikuwa navyo kumi na viwili. Aliyekuwa na hali mbaya zaidi ni Dereva wa lori, mwenye vitano, mtu mpole anayetokwa jasho hata kwenye feni. Raundi moja tu ya dau la lazima, lile linalomfikia kila mtu kwa zamu, na Dereva angekwisha. Fundi Saa alitakiwa kukaa tu. Akae tu, jamani!

Mwalimu alimsikia magoti yameanza. Basi akaanza kusukuma. Kila zamu yake ikifika alipandisha dau, ana karata au hana, na waliofuata wakatupa za kwao. Ndivyo mchezo ulivyotaka, mwenye vingi asukume. Tena kwa kuwa yeye alicheza kabla ya mumewe, kila alipopandisha dau alimfungia njia ya kuingia na upuuzi. Hesabu ya mchezo na hesabu ya ndoa zikatoa jibu moja, na Mwalimu akaridhika nafsini mwake.

Mara ya nne akapandisha dau akiwa na saba na mbili, karata mbovu kuliko zote. Zamu ya Fundi Saa. Akazitazama karata zake. Akazitazama tena, miwani ameisogeza puani. Magoti yakatulia kabisa. Akamgeukia mkewe, akamwangalia kwa muda mrefu hadi mgawaji wa karata akakohoa. Kisha akazisukuma karata kifudifudi katikati ya meza. Mwalimu alishusha pumzi. Hatimaye mume wangu amesikia, akawaza.

Karata hazina shukrani. Zamu iliyofuata Dereva aliweka vyote vitano, akashinda. Iliyofuata akashinda tena, masikini wa Mungu, akiomba radhi kwa kila mtu. Sasa mwenye kidogo kuliko wote akawa Fundi Saa, na dau la lazima likamfikia. Akaweka vyote akiwa na tisa na nne, akafuatwa na mtu mwenye ree mbili, karata kubwa kuliko zote, yakaisha. Wa kumi. Akasimama, akawapa mkono wote tisa mmoja mmoja, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwamuzi akatangaza mapumziko ya dakika kumi.

Mwalimu alimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshammiminia chai ya chupa. Akamuuliza zile alizozitupa zilikuwa nini.

"Wafalme wawili," akasema Fundi Saa.

Mwalimu akapiga hesabu upesi. Kwa wafalme wale angelichukua dau la mkewe, vipande vingeongezeka, na saa hizi angekuwa anachana nywele kwa ajili ya picha. Akamwambia ukweli, kwamba yeye alikuwa na saba na mbili. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Mwalimu hakucheka. Alimuuliza kwa ukali ni nani aliyemfundisha kutupa wafalme.

"Si vifungo vyako," mumewe akajibu. "Ningeweka vyote, ungenifuata. Una mlima wa vipande mbele yako, lazima ungenifuata. Na kama ningeshindwa je? Mimi kutoka wa kumi nimezoea, mke wangu. Lakini wewe ndiye uwe umenitoa? Nakujua. Ungejilaumu mpaka tuzikwe."

Mwalimu aliweka kikombe chini, akaketi kando yake. Alijiona kutwa nzima yeye ndiye mlinzi, kumbe alikuwa analindwa. Akampenda mtu yule hadi kifua kikamuuma, na akaona haya, maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Nisingekufuata," akasema polepole. "Tangu asubuhi nilishaamua, na onyo la mwamuzi halikunibadilisha. Ungeweka vyote juu yangu, ningetupa karata. Hata kama zingekuwa ree mbili."

Ndani mwamuzi alikuwa anaita wachezaji tisa warudi mezani. Fundi Saa akauvuta mkono wa mkewe, akauweka juu ya goti lake, na wote wawili wakabaki wameketi.