Kitambaa cha Fosia

…tabasamu, anasema Hamdia nyuma ya simu, tabasamu Mama, kana kwamba tabasamu ni kitu cha kutolewa mfukoni, na mimi nimekaa kwenye stuli ya plastiki mbele ya kibanda changu mwenyewe kama bibi harusi asiyejua bwana ni nani, jua la Garsen limeshaanza kuniuma shingoni, mkono wa kulia nimeshika chupa ya maziwa ya ngamia, kwenye chupa kuna stika, Maziwa ya Mama Khadra, ndivyo ilivyoandikwa, na chini ya jina kuna uso ambao eti ni wangu, simu ndiyo iliyouchora, imenipa mashavu ya kigoli na kope za ng'ombe, wallahi kope hizo sikuwa nazo hata siku naolewa, na mkono wa kushoto nimeukunja ngumi, na ndani ya ngumi kuna kitambaa cha Fosia, Hamdia hajui, anadhani ni woga, "Usiogope Mama, ni laivu tu, bado haijashika, mtandao unazunguka," na kweli nakiona kile kiduara kwenye kioo, kinazunguka, kinazunguka, kama mbwa anayetafuta pa kulala, na huko nyuma yake, pale barabarani, Dhadho wa boda anaifunga kwa mpira mitungi mitupu ya kurudisha malishoni, mtungi wa Fosia ameuweka juu kabisa, naiona shingo yake kutoka hapa nilipo, haina kitu… Ya Rabi, shingo tupu, na mimi nimekaa hapa nachekeshwa na simu… asubuhi huyu mtoto alikuja mbio, akakifungua kile kitambaa shingoni mwa mtungi akakitupa kwenye ndoo ya taka, "Kimechakaa Mama, kinachafua picha," nami nikakiokota alipogeuka, ningemkemeaje, alikuwa na furaha usoni ambayo sijaiona tangu arudi kutoka chuoni, na hata hivyo atajuaje, amekulia darasani, nani amemweleza kwamba sisi wanawake wa maziwa tunasemezana kwa vitambaa, mtungi unakuja na kitambaa cha mwenyewe shingoni nijue maziwa ni ya nani, mmoja ana chekundu, mwingine kipande cha gunia, Fosia ana kijani chenye maua ya manjano, na mtungi unarudi mtupu na kitambaa kile kile, maana yake nimepokea, kesho leta, lakini ukirudi bila kitambaa, basi tena, maana yake nimekuacha, tafuta mwingine, hakuna ugomvi wala matusi, ni ile shingo tupu tu, nimewahi kumwona mwanamke wa watu ameketi chini na mtungi kama huo mapajani, analia kama aliyeletewa msiba… "Mama kichwa juu kidogo, hivyo hivyo, maashallah," haya, kichwa kiko juu, na Fosia mwenyewe laiti angekuwa muuzaji maziwa tu, Fosia ni mke mwenzangu, marehemu Olow alimwoa yeye kwanza, huko nyuma ya Madogo, kisha akanioa mimi, na watu wakakaa wakingoja tung'oane nywele, wamengoja mpaka Olow amekufa na nywele zetu bado ziko kichwani, kwa sababu siku ya kwanza nilipofika bomani kwake, alinitazama juu mpaka chini akasema, abaayo, dada yangu, unajua kufukiza chombo cha maziwa? nikasema najua, uongo mtupu, akacheka mpaka akaketi, akachukua kijiti chenye kaa la moto, akakizungusha ndani ya chombo, akafunika, akasema huu moshi usiuharakishe, uache ukae, maziwa yakiingia yatalala humo bila kuharibika, na ni kweli, mpaka leo nikifungua mtungi wake nafumba macho nasikia ile harufu, najua leo ameamka vizuri, leo amechoka, leo kuni zilikuwa mbichi… Jilo wa ndizi hapo kando ameweka mkono kiunoni, anapenda sana kuchokoza, "Khadra! Chema chajiuza, dada yangu, kibaya chajitembeza!" na Hamdia hageuki hata kidogo, "Hiyo ilikuwa zamani, Mama Jilo, siku hizi chema kisipojitembeza hakuna anayejua kama kipo," "Basi nipige picha na mimi na ndizi zangu!" "Zikiiva nitakupiga," wanacheka, na mimi nacheka, midomo tu ndiyo inayocheka.

Na nisijidanganye, nilifurahi, lile jina lilinifurahisha, siku alipofungua ukurasa wa maziwa mtandaoni aliniletea simu akasema soma hapa Mama, nikasoma jina langu, nikasingizia moshi wa jiko umeniingia machoni, maana mimi sikujaliwa, tumbo langu halikushika hata mara moja, na Hamdia huyu ni wa tumbo la Fosia, kila mtu anajua, yeye mwenyewe anajua, Fosia alimleta kwangu amembeba mgongoni, akamfungua, akaniwekea mapajani, akasema malishoni hakuna shule, kaa naye, na asikuite shangazi, akuite mama, nusu mama halei mtoto, akanywa chai yangu yote mpaka majani, akaaga, hakutoa hata chozi mbele yangu, ila alipofika kule barabara inapopinda nilimwona amesimama, akashika ncha ya kitambaa cha kichwani akajifuta uso, akasimama tena, akajifuta tena, kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano… na kilipochakaa akakichana, kipande akakifunga mtungini, na hicho ndicho kimekuwa kikija kwangu na kurudi kwake miaka yote hii, malisho yalipoisha kule akateremsha ngamia huku chini, bado kikaja, Olow akafa, siku ya tatu ya matanga kikaja, na mimi nimekishika sasa hivi kwenye ngumi kinaloa jasho, na mtoto aliyeliliwa yale machozi ndiye aliyekitupa kwenye taka… si kosa lake, jamani, si kosa lake, yeye ananitengenezea jina, usiku na mchana ananitengenezea jina, amenieleza mambo mengi, eti siku hizi biashara si kibao juu ya duka, eti kibao ni watu wenyewe, wakikupenda wanakubeba, wakikuchukia wanakuangusha kabla chai haijapoa, na nikamuuliza kwa hiyo maziwa yenyewe hayana kazi? akacheka, "Mama, watu hawanunui maziwa, wananunua hadithi ya maziwa," nikasema astaghfirullah, hadithi inanyweka? lakini akanisomea yale wanayoyaandika chini ya picha, mmoja wa Nairobi ameuliza mbona yana harufu ya moshi, yameungua? nikataka kumjibu kwa sauti, angekuwa karibu ningempa kijiti akazungushe mwenyewe, kisha akanisomea mwingine, mtu simjui, yuko ng'ambo huko penye baridi, ameandika, huo moshi ndio ulikuwa kwenye nguo za mama yangu, basi, hayo tu, hakuagiza chupa wala hakuuliza bei, na mimi na Hamdia tukaitazama simu kama mgonjwa aliyezungumza… hadithi, eeh? hadithi ya nani sasa, nani alizungusha kijiti, nani aliyeamka ngamia wakiwa bado wamelala, uso uliopo kwenye stika ni wangu, jina langu, kope za ng'ombe zangu, na moshi wa Fosia… na ataiona, hakuna la kujificha, Abdia jirani yake kule malishoni ana simu ya kioo, atamkimbilia, njoo umwone mke mwenzako, na Fosia ataangalia kwa macho yake yale madogo, atasikia sauti ya binti yake inasema Mama tabasamu, na anayeambiwa ni mimi, namjua, atasema maashallah amependeza, halafu Dhadho atafika amteremshie mtungi wenye shingo tupu… alinipa mtoto nikapokea, ananipa maziwa napokea, na sasa hata kitambaa? Khadra, hata kitambaa?

"Mama Khadra, mimi niende?" Dhadho amewasha boda, "Dhadho wewe, zima hiyo kitu, tuko karibu kuingia laivu!" "Laivu yako itanilipa? Jua linanichoma hapa!" na kiduara kinazunguka, na Hamdia amebana pumzi, na mdomo wangu unafunguka wenyewe, "Waryaa Dhadho, lete mtungi wa Fosia hapa," "Mama usiondoke kwenye stuli!" siondoki, nani kasema naondoka, nimekunjua ngumi tu, kitambaa kiko hapa, kimejikunja, maua yake yameshafifia, nakitia ukingo mmoja menoni, kina chumvi, kina moshi, navuta, hakitaki, navuta tena na kinachanika kwa sauti ambayo hata Jilo ameisikia, "Mama! Unafanya nini?" Dhadho ameleta mtungi, naufunga nusu shingoni, fundo moja, fundo la pili, "Nenda, usikidondoshe njiani, kikidondoka nitakuuliza wewe," na nusu nyingine naizungusha kwenye chupa, inaufunika ule uso uliochorwa, mashavu yote, kope zote, "Mama, kinaziba uso wako," acha kizibe, "Lakini ni cha nini hicho?" na ninamtazama, hiyo pua yake, hayo macho madogo, amesimama mbele yangu miaka yote hii amevaa macho ya Fosia na mimi nikimfunga vifungo vya sare ya shule, "Ni cha mama yako," na simu inashuka kidogo, mkono wake umelegea, anakitazama kile kitambaa kama anayetafuta mahali alipowahi kukiona, uso umembadilika, sauti imekuwa ndogo kama ya siku ile aliyoletwa, "Mama yangu ni wewe," na moyo wangu, ee Mola, moyo wangu, hili ndilo nililokuwa naliogopa au ndilo nililokuwa nalingoja, sijui, "Najua, hooyo," namwita hooyo, yaani mama, vile sisi tunavyomrudishia mtoto neno lile lile analotuita, "najua, na yeye pia anajua, ndiyo maana alikuacha kwangu, sasa inua simu," na anainua, anajifuta pua kwa mkono wa buibui kwanza, kisha anainua… Dhadho ameshaingia barabarani, nusu ya kitambaa inapepea juu ya mitungi, na hakuna mtu aliyewahi kurudisha nusu, kwenye lugha yetu ya mitungi nusu haina maana yoyote, Fosia atakigeuza geuza, atauona ukingo uliochanwa kwa meno, atakaa kwenye kivuli akifikiri, kisha Abdia atakuja mbio na simu na ataiona nusu nyingine iko wapi… "Bado inazunguka, Mama," anasema, na sasa haniambii nitabasamu, na mimi sasa natabasamu, acha izunguke, sina haraka, hata moshi hauharakishwi, neno la kwanza ninalo tayari ulimini, Fosia, nitasema, haya maziwa ni ya Fosia, na aliyeshika simu ni binti yake, na mimi, mimi ni Khadra, mimi ndiye niliyepewa…